Kinga, Chanjo na Karantini: Maneno ya Kujihadhari na Maradhi Mkoani Singida

Mtafsiri akabidhiwapo tangazo la afya huanza kwa kuyatazama maneno mageni. Huyapigia mstari, huyatafutia visawe, na akishavipata huiona kazi kuwa imekwisha. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba hatari aghalabu haimo katika maneno hayo, bali imo katika maneno ya nyumbani ambayo kila mmoja wetu anadhani anayajua. Mfano wetu ni mkoa wa Singida, nao tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, huko Kiswahili kinaishi pamoja na Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo na lugha nyinginezo, hata tangazo litokalo Dar es Salaam au Dodoma hutafsiriwa mara ya pili, kwa mdomo, kabla halijamfikia bibi aliye nyumbani. Tafsiri hiyo ya pili haipiti mezani kwa mhariri yeyote. Pili, Singida ni nchi kavu, na sehemu kubwa ya mawaidha ya kujihadhari na maradhi huanza na maji.

Tuanze na ugonjwa ambao haukupata jina la kutosha. Mwishoni mwa mwaka 1918 homa ya mafua makali iliyoizunguka dunia iliingia katika nchi hii, wakati vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimekwisha kuipokonya chakula, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mwanahistoria John Iliffe alikadiria kuwa walikufa watu kati ya 50,000 na 80,000. Katika nchi ya Wagogo, ambayo sehemu yake ya magharibi leo imo katika wilaya ya Manyoni, maradhi hayo yaliwakuta watu wamo katika njaa inayokumbukwa mpaka sasa kwa jina la Mtunya. Msomaji ataona kwamba njaa ilipewa jina lake yenyewe. Maradhi yaliachiwa neno mafua, na mafua ni ya kila mtu na ya kila mwaka. Hakuna anayefunga mlango kwa sababu ya mafua. Ilitubidi tungoje mpaka miaka ya 2000, ilipozungumzwa homa ya mafua ya ndege, ndipo neno hilo likaanza kusikika kwa hofu.

Ndui ilikuwa jambo jingine. Jina lake lilijulikana, alama zake zilionekana usoni, na kinga yake ilipokuja ilipata neno lililokuwa tayari. Kitenzi chanja asili yake ni kukata au kupasua: watu huchanja kuni, nao waganga walichanja chale na kusugua dawa katika jeraha ili imlinde mtu na baya ambalo halijamfika. Mganga wa serikali alipofika na sindano yake na kumkwaruza mtu mkono, kitendo alichokifanya kilifanana na kile cha zamani, na sababu yake ilifanana pia. Hakuna kamati iliyokaa kulitafuta neno chanjo. Lilijileta. Kwa maoni yetu hii ndiyo istilahi ya afya iliyofanikiwa kuliko zote katika lugha yetu, na ushahidi ni kwamba ndui yenyewe imekwisha kutoweka, mtu wa mwisho kuugua kwa njia ya kawaida akiwa yule wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na dunia ikatangaziwa mwaka 1980 kuwa imeepukana nayo, ilhali neno limebaki na kazi nyingi zaidi.

Tena limebaki bila wembe. Mtoto hupewa chanjo ya matone ya kupooza, na hakuna mama anayeuliza vipi mtu achanjwe kwa kudondoshewa kitu mdomoni. Huko Singida mabadiliko haya ya maana yamekwenda mbali zaidi kwa sababu ya kuku. Kila msafiri apitaye barabara kuu anajua sifa ya kuku wa Singida, na kila anayewafuga anajua kideri, maradhi yanayoweza kulimaliza banda zima katika muda wa siku chache. Chanjo yake ni tone moja katika jicho la kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kazi hiyo hufundisha mambo matatu ambayo vitabu vya afya hutumia kurasa nyingi kuyaeleza: kwamba anayechanjwa ni mzima wala si mgonjwa, kwamba chanjo ikichelewa mpaka maradhi yakaingia bandani haisaidii, na kwamba nguvu yake hupungua, ndiyo maana hurudiwa. Tunashangaa kwamba waandishi wa matangazo ya mwaka 2021 hawakumtumia kuku huyu. Labda walidhani ni kumvunjia binadamu heshima.

Sasa tufike mwaka 1973, ambao unastahili nafasi kubwa zaidi. Mwaka huo iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, chini ya uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Haikuwa ya kwanza ya namna yake. Ilitanguliwa na Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako, na Wakati wa Furaha, na baadaye ilifuatwa na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Lakini kwa ukubwa haikuwa na kifani: watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kujifunzia nchini kote, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi hiyo. Kwa muda wa majuma 12 vikundi vilikutana, vikasikiliza kipindi cha redio, vikasomewa sura ya kitabu iliyohusu maradhi fulani, malaria, kichocho, kuhara na mengineyo, kisha vikajadili, na mwisho wa majadiliano vikakata shauri la kutenda jambo. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa au kutengenezwa kutokana na mashauri hayo.

Kampeni hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kipindupindu, lakini kipindupindu kilikuwa njiani. Wimbi la saba la maradhi hayo lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na mwaka 1974 wagonjwa wa kwanza wakaonekana Tanzania. Mwaka 1977 na 1978 maradhi yakalipuka kwa nguvu. Kwa hiyo mwananchi wa Singida aliyechimba choo mwaka 1973 alijenga ukuta kabla ya mafuriko, hata kama hakuambiwa hivyo.

Kwetu sisi tunaoshughulika na maneno, Mtu ni Afya ina mafunzo ambayo hayajachakaa. Jina lenyewe ni sentensi kamili, tena ya Kiswahili cha kawaida, isiyo na neno hata moja la ofisini. Wasomaji waliokusudiwa walikuwa watu waliotoka kujifunza kusoma juzi, na vitabu vililazimika kutaja vitu ambavyo msomaji angeweza kuvigusa: shimo, mfuniko, nyasi, maji yaliyotuama. Katika Singida ya wakati huo nyumba nyingi zilikuwa tembe, zenye paa la udongo na zenye watu na mifugo karibu karibu, na mashauri ya usafi yalitakiwa yaihusu nyumba hiyo, siyo nyumba ya kuchorwa. Kikundi kilichokaa chini ya mti kingeweza kuinuka na kwenda kutenda kilichosomwa kwa jembe lililokuwa nyumbani.

Hata hivyo lugha ya vyoo ilikuwa na mtego wake. Neno choo lina maana mbili: ni mahali, na ni kile kinachotoka mwilini. Daktari humwuliza mgonjwa kama amepata choo. Bwana afya humwuliza mwenye mji kama ana choo. Sasa chukua sentensi fupi kama hii: kipindupindu huenezwa na choo. Mwandishi alikusudia maana ya pili. Msikilizaji akichukua ya kwanza, basi ameambiwa kwamba kile anachohimizwa kukichimba ndicho kinacholeta maradhi, na aliyezoea vichaka atapata sababu nzuri ya kubaki navyo. Hii ndiyo sababu tunawashauri watafsiri watumie neno kinyesi bila haya. Haya ya mwandishi ikikutana na fumbo la lugha, anayeugua ni mtu wa tatu.

Kipindupindu chenyewe ni jina zuri mno. Limetokana na kupinda na kupinduka, na marudio yake yanakuonyesha mtu anayegaagaa. Lakini linaonyesha mwisho wa maradhi na halionyeshi mwanzo wake, ambao ni maji na mikono. Ndipo katika kila mlipuko, ukiwamo ule ulioanza Agosti 2015 na kuenea katika sehemu kubwa ya nchi, mkoa wa Singida ukiwamo, imebidi kuanza upya kufundisha kwamba maradhi haya hunywewa na huliwa. Na neno mlipuko nalo, tukiruhusiwa kusema kidogo pembeni, limetoka katika baruti. Mtu hungoja kusikia kishindo. Maradhi ya kuambukiza hayana kishindo. Yana mgonjwa mmoja, kisha watatu.

Tumekwisha kulitumia neno kinga mara kadhaa bila kulichunguza, na msomaji hakushtuka. Hapo ndipo ilipo shida tuliyoitaja mwanzoni. Kukinga ni kuzuia kitu kisifike, kama ngao inavyozuia mkuki. Kukinga pia ni kupokea: mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa, na katika mkoa ambao miezi mingi ya mwaka haina mvua, maana hii ya pili ndiyo inayosemwa kila siku. Maana zote mbili ni za kitendo cha mtu. Yeye ndiye anayekinga.

Katika miaka ya 1980 neno hili lilipewa kazi mpya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na mitaani ugonjwa ukaitwa Juliana, kwa jina la nguo iliyouzwa kwa magendo. Jina rasmi lilipotungwa, kinga ikawa kitu kilichomo mwilini, ambacho mtu hakitendi wala hakioni. Wengine waliandika Ukosefu wa Kinga Mwilini, wengine Upungufu wa Kinga Mwilini, na herufi za kifupisho hazikubadilika. Upungufu ndio ulioshinda, na ilikuwa haki ushinde: ukosefu humwambia mgonjwa kwamba hana kitu, upungufu humwachia kitu cha kutunza. Wakati ule ule kinga ikawa pia jina la adabu la kondomu. Basi neno moja likabeba mizigo mitatu: kitendo cha kujihadhari, nguvu iliyomo mwilini, na kifaa kinachonunuliwa dukani. Watu waliishi nalo hivyo kwa miaka thelathini na zaidi, maana katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha kutenganisha.

Muktadha haukutosha ilipokuja korona. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, aliyewasili Arusha kutoka Ulaya. Kesho yake shule zilitangazwa kufungwa. Maneno yalimiminika kwa siku chache kuliko yalivyopata kumiminika wakati wowote tunaoujua. Barakoa lilitolewa katika kamusi za zamani, ambamo lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa Oman na Unguja, likavishwa watu wa bara ambao hawajapata kuliona vazi hilo. Lilipokewa bila ubishi kwa kuwa halikuwa na mshindani. Kitakasa mikono kilisikika kama chombo cha ibada, lakini kikazoeleka. Kupiga nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, lilitoka majumbani na kupanda mpaka kwenye hotuba za viongozi.

Mafunzo makubwa zaidi, kwa maoni yetu, yamo katika maji. Tangazo la kitaifa lilisema mtu anawe kwa sabuni na maji tiririka. Walimu wa sarufi walinung'unika kuwa ilifaa kusemwa maji yanayotiririka, nasi hatugombani nao. Shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba katika vijiji vingi vya Singida maji hayatiririki. Yanachotwa, yanabebwa, yanapimwa kwa kata. Lakini kabla ya mwaka 2020 kampeni za usafi wa mazingira zilikuwa zimekwisha kueneza jina jingine, kibuyu chirizi, yaani dumu au kibuyu kilichotundikwa kwenye mti, chenye tundu dogo na kamba ya kukanyaga kwa mguu ili kiinamishwe bila kushikwa. Jina hili linataja chombo kinachopatikana, linaeleza kazi yake, na halimwaibishi asiye na bomba. Laiti tangazo la kitaifa lingesema kibuyu chirizi mara moja kwa kila mara mbili lilizosema maji tiririka.

Jina la ugonjwa lilikuwa na safari ya ajabu. UVIKO-19, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona wa 2019, lilitungwa kwa mfano wa UKIMWI na likaenea katika nyaraka za Serikali mwaka 2021. Mwishoni mwa mwaka huo zilijengwa nchini vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na wananchi wakaviita madarasa ya UVIKO. Hivyo neno likapata makao katika matofali, nao ugonjwa ukaendelea kuitwa korona. Hatuoni ubaya wowote. Istilahi ina haki ya kuishi pale inapopendwa.

Turudi kwenye kinga. Tangu Mei 2020, taarifa ya mwisho ilipofikisha jumla ya wagonjwa 509, takwimu hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka, na watu walibaki wakipimana kwa habari za misibani. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani na chanjo ikazinduliwa. Baadaye ukaja Mpango Shirikishi na Harakishi wa kuipeleka vijijini. Wito uliosikika kila mahali ulikuwa kwamba chanjo ni kinga. Mtaalamu aliyeusema alikuwa na maana ya nguvu ya mwili: mwili umefundishwa, utapambana vizuri zaidi. Msikilizaji mwenye ndoo chini ya paa alisikia ngao: ukiwa nayo, mkuki haufiki. Kisha akaambiwa na mtaalamu yule yule kwamba aliyechanjwa aendelee kuvaa barakoa, na akamwona jirani aliyechanjwa akiugua. Kwa lugha aliyoisikia alikuwa na haki ya kuuliza: kama ni kinga, barakoa ya nini? Wengi waliouliza hivyo waliitwa wabishi, au watu wa uvumi. Uvumi ulikuwako, tena mwingi, lakini swali hili halikutokana na uvumi. Lilitokana na neno letu.

Kwa hiyo tunapendekeza, kwanza, kwamba katika maandishi ya afya neno kinga liachiwe nguvu iliyomo mwilini peke yake, pamoja na jamaa yake kingamwili. Na kwamba matendo ya mwananchi yatajwe kwa vitenzi, kujikinga, kujihadhari, kuzuia, siyo kwa nomino. Msemo Kinga ni bora kuliko tiba utatupinga, lakini msemo huo nao ni wa kutafsiriwa. Wazee walikuwa na Usipoziba ufa utajenga ukuta, ambao una kitenzi. Pili, palipoandikwa chanjo ni kinga, mtafsiri asione uvivu kuandika sentensi ndefu kidogo: mtu aliyechanjwa anaweza kuambukizwa, lakini ugonjwa hautamlemea kama ambavyo ungemlemea asiyechanjwa. Tafsiri ya pili, ile ya mdomo, inaweza kuibeba sentensi hiyo katika Kinyaturu au Kinyiramba bila kupoteza kitu. Neno kinga peke yake haiwezi kulibeba.

Limebaki karantini. Neno hili wafugaji wa Singida walilijua katika minada ya ng'ombe miaka mingi kabla halijawahusu watu: maradhi yakizuka, mnada hufungwa na mifugo haitoki, iliyo mizima pamoja na iliyo migonjwa. Machi 2020 ilipoagizwa kwamba wasafiri watokao nchi zenye maambukizi wakae mahali pamoja siku 14 kwa gharama zao, lugha ya mitaani ilichanganya karantini na kutengwa, na kila aliyewekwa karantini akahesabiwa kuwa mgonjwa. Aibu hiyo ilitosha kumfanya mtu apite njia ya kichaka. Hatuoni sababu ya kulifukuza neno ambalo wafugaji wanalielewa kuliko sisi. Tunapendekeza liingizwe katika orodha hivi: karantini, kumzuia kwa muda mtu au mnyama ambaye hajaonyesha maradhi, mpaka ijulikane kwamba hakuyabeba, na kando yake, kutenga, kumweka peke yake aliyekwisha kuugua, ili ahudumiwe bila kuwaambukiza wengine.